Hela ya Tabora iliyooshwa kwa ndimu: uchambuzi wa kisa cha sarafu moja ya Lindi

Kifurushi kilifika Mtwara siku ya Alhamisi, miezi saba tangu kiondoke. Ndani yake, katika kisanduku kigumu cha plastiki kisichofunguka mpaka ukivunje, ilikuwamo sarafu yangu ya hela 20 ya mwaka 1916, iliyopigwa chapa Tabora. Macho yangu yalikwenda kwanza kwenye kikaratasi cha juu, ndipo yakashuka kwenye sarafu. Wakusanyaji wengi siku hizi tumekuwa hivyo, na jambo hilo linaniuma. Kikaratasi kilisema mambo mawili. Sarafu ni halisi lakini imesafishwa, kwa hiyo haipewi namba ya cheo, ile inayoonyesha ubora wake. Na sarafu ni ya brasi, ile shaba ya njano iliyochanganywa na zinki.

Sarafu ile si ya brasi. Ni ya kopa, yaani shaba nyekundu, na nitaeleza nimejuaje. Usiku ule nilikasirika sana, nikaandika barua ndefu kwa kampuni iliyoipima, kampuni ya Marekani inayokagua sarafu na kuzifunga kwenye visanduku, ambayo sitaitaja jina. Nashukuru sikuituma. Nilipoanza kukusanya vielelezo vya kuiunga mkono barua hiyo, picha za simu, risiti, namba nilizoandika kwenye daftari, kisa kilianza kugeuka mikononi mwangu. Ninakiandika chote hapa kwa ajili ya wanaokusanya sarafu za kale huku kusini, maana kilichonipata mimi kinatokea kila wiki kwenye vibanda vya Lindi, Masasi na Mikindani.

Kwanza sarafu yenyewe. Neno hela tunalotumia kila siku tulilitoa kwa Mjerumani. Kabla ya mwaka 1904 rupia moja ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa na pesa 64, kwa hesabu ya Kihindi. Mwaka huo wakabadilisha, rupia ikawa na Heller 100, na babu zetu wakalitamka hela. Sarafu zilipigwa Ujerumani, nyingi Berlin zikiwa na herufi A, nyingine Hamburg zikiwa na herufi J. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza na manowari za Waingereza zikafunga pwani, sarafu mpya hazikuweza kuingia tena. Askari na wapagazi walitakiwa kulipwa. Ndipo mwaka 1916 Wajerumani wakapiga sarafu zao wenyewe ndani ya karakana ya reli pale Tabora, kwa herufi T. Walipiga hela 5 za brasi, hela 20 za brasi na za kopa, na ile maarufu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, ambayo dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Za dhahabu zilipigwa 16,198 tu. Hiyo ya tembo mimi nimeiona kwenye picha na sidhani nitaishika.

Hela 20 ni kitu kingine. Ni sarafu ya haraka, ya shida, na shida hiyo unaiona ukiishika. Upande mmoja una taji, mwaka 1916 na herufi D.O.A., yaani Deutsch-Ostafrika, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Upande wa pili una neno HELLER na namba 20. Chapa nyingi zimekaa upande, nyingine zimefifia katikati, uzito unatofautiana kati ya moja na nyingine, kwa kuwa metali iliyotumika ilikuwa ile iliyopatikana. Zipo zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Zipo ambazo herufi L zina ncha kali, na nyingine ncha zimejipinda. Anayezipenda anaweza kukaa saa nzima na L mbili. Na za kopa ni chache kuliko za brasi kwa mbali, ndiyo maana katalogi za kimataifa huzipa namba tofauti, na bei yake haifanani.

Zilifikaje Lindi? Tabora ilianguka Septemba 1916, na mwezi huohuo Waingereza walikuwa wameshaingia Mikindani na Lindi kwa bahari. Lakini jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilirudi nyuma kuelekea kusini, likapigana Mahiwa Oktoba 1917, na Novemba likavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Watu waliolipwa hela za Tabora walitembea nchi hii kwa miguu. Kwangu mimi hilo linatosha kuipa thamani sarafu inayotoka kwenye kopo la mtu wa Nyangao au Mtama kuliko ileile ikitoka kwenye mnada wa Ulaya, ingawa hakuna kipimo kitakachokupa namba kwa hilo.

Jumamosi moja ya Oktoba 2022 nilipanda gari asubuhi kwenda Lindi. Mzee ninayenunua kwake ana kibanda si mbali na soko. Biashara yake hasa ni vyuma chakavu, ana mzani wa kuning'iniza na magunia ya makopo, lakini vitu vya zamani anavitenga. Ni Mmwera, na tangu siku ya kwanza aliniita mpwa, nami namwita mjomba. Alinimiminia kopo la maziwa ya unga juu ya gunia. Senti za tundu za enzi za Mfalme George zilikuwa nyingi. Zilikuwamo senti tano zetu zenye samaki, rupia mbili za India zenye kichwa cha Malkia Victoria, zote mbili zimetobolewa zivaliwe shingoni, na hela moja moja za Mjerumani zilizoliwa na chumvi. Na chini kabisa, nyeusi ti, ile hela 20.

Niliigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa na weusi wa kahawia ulioenea sawasawa, ule unaokuja wenyewe kwa miaka mia bila mtu kuugusa. Udongo ulikuwa umekamata kwenye mizizi ya herufi. Taji lilionekana nusu. Moyo ulinidunda. Nikaipiga picha kwa simu, pande zote mbili, nikisingizia kwamba namtumia rafiki. Picha hizo ndizo zilizokuja kunihukumu.

"Mjomba, hii unasema bei gani?"

"Hiyo ya Mjerumani hiyo. Laki moja."

"Laki? Kwa uchafu huu? Hata taji halionekani."

"Ongea, mpwa. Bei si ugomvi."

"Elfu ishirini."

"Kwa elfu ishirini nenda kanunue samaki pale ufukweni."

Tukaenda hivyo. Yeye alishuka mpaka sabini, mimi nikapanda mpaka thelathini, na kila nilipopanda nilirudia neno lilelile. Chafu. Imechafuka, mjomba. Nani atanunua kitu kisichosomeka? Ninajua ndivyo tunavyofanya wote. Ukitaka kushusha bei unakitafutia kitu kasoro, na kama hakina kasoro unamtajia mwenye nacho ile itakayomfanya aone aibu. Uchafu ni kasoro rahisi kuitaja kuliko zote, hauhitaji utaalamu. Mwisho nikafanya kama naondoka, naye hakuniita. Nikajua nimwache apoe wiki moja.

Katika kopo hilohilo zilikuwamo sarafu nne ndogo za shaba, nyembamba kama magamba ya samaki, na huko nyuma niliziona mbili nyingine kwa kijana wa Kilwa Masoko. Ni za masultani wa Kilwa. Moja bado ilisomeka kidogo. Sarafu za Ali bin al-Hasan zina jina lake upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na pande hizo mbili zimetungwa kwa vina, kama mshororo wa shairi uliokatwa katikati. Mzee alizitaka elfu kumi kila moja. Nilimwambia sizinunui, wala asimuuzie mgeni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, si vya kuchuuzwa ovyo wala kutolewa nchini bila kibali. Nilimwelekeza azipeleke kwa watu wa Mambo ya Kale pale Kilwa. Alinitazama kama mtu anayemharibia siku. Sijui alizipeleka wapi, na kila nikizikumbuka najilaumu kwamba sikumsindikiza.

Jumamosi iliyofuata nilirudi na elfu hamsini mfukoni. Mzee alinipokea kwa bashasha isiyo ya kawaida, akatoa kitambaa kutoka mfuko wa shati, akakikunjua polepole. Sarafu iling'aa. Ilikuwa ya waridi, kama sufuria mpya.

"Ulilalamikia uchafu, nimekutolea. Sasa taji unaliona au hulioni?"

Nililiona. Niliona na mistari myembamba inayoelekea upande mmoja, maelfu yake, kila mahali kitambaa kilipopita. Ndani ya herufi E ya pili lilibaki jivu jeupe. Sarafu ilinuka ndimu. Alikuwa ameilaza usiku kucha kwenye kibakuli cha maji ya ndimu, asubuhi akaisugua kwa majivu ya jikoni, kama mama zetu wanavyosugua masufuria ya shaba siku ya kuamkia Idi. Aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu na aliionea fahari.

Sikusema kitu. Tulipatana elfu arobaini na tano, nikalipa, nikaondoka. Hapa lazima niseme ukweli wote, maana bila huo uchambuzi hauna maana. Nilijua kwamba imesafishwa. Nilijua kwa macho, kwa pua na kwa kinywa cha aliyeisafisha. Lakini njiani, gari lilipopita Mingoyo, nilikwisha kujishawishi kwamba labda haitaonekana sana, na kwamba ikikaa miezi michache kwenye hewa ya Mtwara itarudisha rangi.

Nilitaka kwanza kuhakikisha ni kopa. Kwa sonara mmoja hapa Mtwara tuliweka glasi ya maji juu ya mzani wake mdogo, tukaurudisha mzani kwenye sifuri, kisha nikaining'iniza sarafu kwa uzi mpaka ikazama yote bila kugusa kitako wala ukuta wa glasi. Namba inayotokea hapo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Ikiwa kavu ilikuwa gramu 11.62. Majini mzani ulionyesha 1.31. Ukigawanya unapata 8.87. Kopa safi ni gramu 8.96 kwa kila sentimita moja ya ujazo, brasi ya kawaida huwa kati ya 8.4 na 8.7. Tulirudia mara tano, kwa sababu tofauti ya kopa na brasi kwa sarafu ndogo hivi ni sehemu chache tu za mia za gramu, na pumzi ya mtu aliyeinama karibu inaweza kuuchezesha mzani. Mara tano zote hazikushuka chini ya 8.8. Yule sonara, ambaye riziki yake ni kujua kipi ni kipi, aliniambia hata bila maji angeniambia ni kopa.

Kwa nini basi niipeleke Marekani? Mnunuzi wa Ulaya niliyekuwa nikizungumza naye aliniambia hela 20 ya kopa bila kisanduku hainunui, kwa kuwa za kughushi na za brasi zilizopakwa rangi zimejaa. Wakala mmoja wa Dar es Salaam alikuwa anakusanya sarafu za watu kadhaa azitume kwa pamoja. Ada ya kupima, sehemu yangu ya usafirishaji, bima na kurudisha ilifika shilingi 240,000. Kwa sarafu ya 45,000. Nilijiambia ikirudi na namba nzuri nitarudisha yote na zaidi.

Hizo namba nazo zina historia inayofaa kujulikana. Kipimo cha 1 hadi 70 kilichapishwa mwaka 1949 na Mmarekani William Sheldon, kwa ajili ya senti kubwa za kale za kwao, ambazo zilikuwa za kopa. Wazo lake la mwanzo lilikuwa la bei: sarafu ya 70 iwe na thamani mara 70 ya ile ya 1. Soko halikumfuata kwa hesabu hiyo, lakini namba zilibaki, na leo zinatumika kwa sarafu za dunia nzima. Kijana mmoja ninayemfahamu hapa mjini anakusanya vitabu vya katuni, na huko mambo ni yaleyale, isipokuwa kipimo chao kinaishia 10, na kitabu kikishafungwa kwenye plastiki yake hakisomeki tena. Aliwahi kuniuliza mtu ananunua kitabu asichoweza kukifungua kwa nini. Sikuwa na jibu, na kisanduku changu kilipofika nilimkumbuka.

Turudi kwenye hukumu. Imesafishwa. Nilichukua kioo cha kukuzia na tochi, nikaitazama sarafu kupitia plastiki, kisha nikafungua zile picha za Jumamosi ya kwanza kwenye simu. Nikaziweka pamoja. Ile nyeusi na ile ya waridi. Kwenye ile nyeusi mistari haipo hata mmoja. Majani yaliyozunguka namba 20 yana makali yake, na ule udongo kwenye mizizi ya herufi ndio uliokuwa unayafanya yaonekane, kama wanja. Kwenye ile ya waridi majani yamelala. Aliyeipima Marekani, ambaye hajui Lindi iko wapi na hakusikia harufu ya ndimu, aliona sawasawa kile nilichokiona mimi kibandani nikanyamaza. Katika hilo hakunidhulumu. Ingeenda nyeusi ingepata namba yake, tena nzuri kwa jinsi chapa ilivyokuwa.

Na iliondoka katika weusi wake lini? Kati ya Jumamosi mbili. Na kwa nini mzee aliyekaa nayo, pengine kwa miaka, ndani ya kopo bila kuihangaikia, aliamua wiki hiyohiyo kuitia ndimu? Kwa sababu nilimwambia. Nilihesabu kwa kumbukumbu, neno chafu nililitamka si chini ya mara sita. Nililitumia kama silaha ya kushushia bei na yeye akalichukua kama maelekezo ya mteja. Alifanya kile ambacho mfanyabiashara mwema hufanya, alirekebisha bidhaa kulingana na malalamiko. Nilipata punguzo la elfu hamsini na tano kutoka laki, na kwa maneno yaleyale yaliyoniletea punguzo hilo nikaiua sarafu niliyokuwa naitamani. Sikulala usiku ule.

Lile la brasi nilidhani ni kosa tupu, na nusu yake bado naamini ni kosa. Kwenye fomu niliandika wazi kwamba ni kopa. Lakini fikiria hali ya mpimaji. Brasi ni kopa na zinki. Ukiilowesha brasi kwenye asidi, na ndimu ni asidi, zinki ya juu hutoka kwanza, na sarafu iliyokuwa ya njano hutoka kwenye bakuli ikiwa ya waridi. Kila anayefanya kazi hii amekutana na brasi zilizogeuzwa hivyo, nyingine kwa makusudi ili ziuzwe kama za kopa. Sasa analetewa hela 20 ya waridi, ina alama zote za kuoshwa kwa asidi, na mwenye nayo anadai ni kopa. Rangi, ambayo ingekuwa shahidi wangu wa kwanza, nilikuwa nimeipoteza kule kibandani. Ngozi ya kahawia ya kopa iliyozeeka yenyewe haifanani na ya brasi, na ingemwondolea shaka kwa kuitazama tu. Ndimu ileile iliyoninyima namba ndiyo iliyonipa brasi.

Malalamiko yangu halisi yanaanzia hapo na ninayashikilia. Kwanza, mzani wanao, na bora kuliko wa sonara wetu. Mtu akiandika kopa nawe unaona brasi, dakika tano za glasi ya maji zingemaliza ubishi. Pili, hawaelezi. Huku kwetu mkulima wa korosho akifika ghalani, mpimaji anachoma gunia kwa bambo, anatoa sampuli, anapasua korosho mbele yake. Ikishushwa daraja la pili mkulima ataumia, atabishana, lakini korosho iliyooza ameiona kwa macho yake imelala mezani. Mimi nililipa laki mbili na arobaini nikapewa neno moja. Nilipoandika barua nyingine, ya pili na ya upole, kuuliza wametumia njia gani kujua ni brasi, walijibu kwa adabu kwamba kipimo cha madini ni huduma ya kulipia na sarafu irudishwe kwao. Gharama ya kuirudisha ingezidi thamani ya sarafu hata kama kikaratasi kingebadilishwa. Mkusanyaji wa Florida anaweza kuipeleka tena kwa gari. Wa Mtwara kosa la kikaratasi linabaki naye. Nasema hili kwa uchungu, maana wanaokusanya sarafu za ardhi hii wakiwa juu ya ardhi hii ni wachache, na kila kosa la namna hiyo linahamisha mwingine kuelekea kuuza kila kitu kwa mgeni anayepita.

Nilikivunja kisanduku. Niliweka koleo kwenye pembe nikabana polepole huku nimekifunga kitambaa, plastiki ikapasuka kwa mlio wa mfupa. Sarafu sasa imo kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko laini wa plastiki, maana mifuko ile ya bei rahisi kwenye joto na unyevu wa pwani hutoa jasho la kijani linalokula kopa. Juu ya bahasha nimeandika uzito, ile 8.87, siku tuliyopima, Lindi, na kwamba ilioshwa kwa ndimu Oktoba 2022. Anayeuliza namwonyesha na picha ya weusi wake. Yule wa Ulaya alisema hapana. Rangi haijarudi. Imetoka waridi ikaingia hudhurungi ya madoadoa, kama ngozi inayopona moto.

Mtu akiniuliza afanye nini na sarafu yenye udongo, namwambia maji yaliyochujwa, aiache ilowe siku nzima, abadilishe maji, akaushe kwa kuibonyeza juu ya kitambaa cha pamba bila kusugua. Ikiwa na mafuta au gundi, asetoni safi tupu, si ile ya kufutia rangi za kucha iliyochanganywa na manukato, kwenye bakuli la kioo na madirisha wazi. Zaidi ya hapo aiache. Dawa ya meno, soda, ndimu, majivu, mchanga wa bahari, vyote nimeviona vikitumika, na kila kimoja kinatoa kitu ambacho hakirudi.

Mwezi wa tatu baada ya hapo nilikwenda Lindi kumweleza mzee. Nilimchukulia kisanduku kilichovunjika na kikaratasi chake, nikamwekea simu yenye picha mbili. Nilimwambia kosa ni langu, si lake, na nikamweleza kisa chote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kitu ambacho nacho ni cha kweli, na ninakiweka hapa kama alivyokisema.

"Mpwa, wewe unazitaka nyeusi. Lakini rupia nne nilizozing'arisha mwaka jana alizichukua Mzungu wa Kilwa, hakuomba hata kupunguziwa. Nikimwekea nyeusi anapita."

Sikuwa na la kumjibu. Anauza kwa wanaokuja kibandani, na wengi wanaokuja wanataka king'aacho. Tukakubaliana atenge. Zinazotoka ardhini au kwenye makopo ya wazee, za Mjerumani, aziweke kando kama zilivyo mpaka nizione, nikizikataa aoshe atakavyo. Akachukua kopo la dawa ya kikohozi, akalifuta ndani kwa kidole, akaliweka juu ya rafu.

Wiki mbili zilizopita alinipigia. Nilipofika kopo lilikuwa na hela mbili za mwaka 1908, zile kubwa za hela 5, nzito kiganjani, na hela 20 moja ya brasi ya Tabora. Zote nyeusi, udongo wake juu yake, taji halisomeki. Nilizigeuza moja moja kwenye mwanga nikiwa nimefunga mdomo.

"Bei gani, mjomba?"

"Laki na nusu zote tatu."

"Mjomba, hiyo ni zaidi ya mara ile."

"Mara ile zilikuwa safi. Hizi chafu, mpwa. Wewe mwenyewe ulinifundisha chafu ni ghali."

Nilitafuta kasoro nyingine ya kutaja, nikaikosa. Nikalipa laki na thelathini.